Ua la Devotha

Kwa miaka kumi na tisa Hildegardi alifuma sampuli katika karakana ya mazulia pale Mbinga. Mteja akitaka ua jipya, yeye ndiye anayelianza. Likikataliwa, linatupwa stoo. Basi Devotha, mtoto wa mdogo wake, alipokuja na kompyuta kupiga picha maua yote anayoyajua Hildegardi, mama mkubwa huyu alipika samaki wa mbasa, akajaza majirani sebuleni. "Mwanangu huyu ataniweka kwenye televisheni!" alijisifu. Akamtolea kutoka stoo hata sampuli ya ua la kahawa aliyoifuma siku Devotha alipobatizwa, akaiita kwa jina la mtoto huyo.

Jumatatu Devotha aliionyesha karakana nzima zulia kwenye kioo cha kompyuta, akibadilisha rangi kwa kidole. "Hakuna uzi utakaopotea tena."

"Sasa mimi nifume nini, mwanangu?"

"Mama mkubwa, aliyekuwa anaupoteza si wewe?"

Bosi akacheka, na wafumaji wote wakacheka naye. Hildegardi akapewa mkasi: akimaliza kukata sampuli za stoo ziwe vipande vya kufutia miguu, aende nyumbani, asirudi tena.

Kesho yake mvua ilinyesha. Devotha alisimama mlangoni pa karakana, akafuta tope la viatu juu ya ua la kahawa, lililokwisha kukatwa na kutandikwa hapo.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Hildegardi, akaendelea kukata.