Profesa wa Watawa Walionyamaza

Profesa Mahendra alizaliwa Mombasa, akaja London mwaka 1968, na kufikia mwaka 1975 alikuwa anajua habari za watawa wa kale wa Kiingereza kuliko Waingereza wenyewe walivyotaka kuzijua. Kitabu chake kilihusu monasteri moja, Harlesmere, ambako watawa, alisema, walikaa mwaka mzima bila kutamka neno. Kitabu hicho kilimpa uprofesa. Tangu hapo alizunguka dunia akihutubia juu ya ukimya, saa moja na nusu kila mara, na maswali hakuyapenda.

Mimi nilikuwa mshonaji wa vitabu katika maktaba ya chuo chake, chumba cha chini. Mbele za watu alinisemesha Kiingereza. Tukiwa wawili, alirudi Mombasa.

Kilatini nilijifunza mwenyewe kwenye basi namba 25, kutoka Ilford mpaka mjini, kwa miaka sita. Foleni ya Stratford ilinisaidia sana kwenye vitenzi.

Mwaka 1999 niliteremshiwa kitabu cha kanuni za Harlesmere, maandishi ya mkono juu ya ngozi, uzi wake umekatika. Desturi yangu, kabla ya kushona, ni kuandika mahali pa kila tundu la mdudu. Mdudu hasomi. Hutoboa moja kwa moja, ukurasa hadi ukurasa, kwa hiyo matundu hufuatana. Ukurasa wa thelathini ulikuwa na matundu mawili juu, na wa thelathini na tatu mawili palepale. Wa thelathini na moja, ule wenye amri ya kunyamaza mwaka mzima, ulikuwa na matano, tena chini.

Niliyanakili yale matundu kwenye karatasi nyepesi, nikapima vitabu vyote vya rafu ile. Ilinichukua miezi minne. Matano yale yalilingana na daftari la adhabu la monasteri nyingine kabisa, ambako mtawa mmoja msengenyaji alihukumiwa kufunga mdomo mwaka mzima. Mshonaji wa zamani alichanganya kurasa. Watawa wa Harlesmere walikuwa wakiongea kama watu wengine.

Niliandika kurasa mbili. Nafasi ya mhifadhi wa miswada ya kale pale maktabani ilikuwa karibu kutangazwa, nami sina shahada. Andiko lililochapishwa ndilo lingekuwa shahada yangu. Nikalipeleka kwenye jarida la wanahistoria. Jarida huficha jina la mwandishi na kulipeleka andiko kwa mjuzi wa jambo hilo, ambaye jina lake nalo hufichwa. Lakini mjuzi wa Harlesmere alikuwa mmoja tu duniani.

Majibu yalikuja na kurasa kumi na moja. Mwandishi, yalisema, ni wazi hajawahi kushika mswada mkononi. Alishauriwa asome kwa unyenyekevu kazi za Profesa Mahendra, zilizotajwa mara kumi na tisa. Mke wangu, Time, aliyasoma akiwa bado na sare ya kazini kwake, nyumba ya kutunzia wazee.

"Baba Afra, huyu mtu kajificha nyuma ya nini?"

"Hatujui ni nani."

"Wewe ndiye hujui. Mimi namwona mpaka soksi."

Wiki iliyofuata Profesa alishuka chumbani kwangu.

"Ameir, hebu niwekee vile vitabu viwili pamoja. Kuna kijana mpumbavu aandika habari za matundu. Jarida laniuliza mara ya pili, nami nataka nimmalize vizuri."

Nikaweka ukurasa juu ya ukurasa, nikashika taa kwa chini. Mwanga ulipita matundu yote matano. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Matundu hayakuondoka.

"Wewe wayajua haya?"

"Nimeyapima, Profesa."

"Basi sikiza, ndugu yangu." Kwa miaka tisa sikuwahi kuwa ndugu yake. "Kiandike hiki kitabu kuwa kibovu, kisitoke mpaka nistaafu. Miaka miwili tu. Na ile nafasi ya mhifadhi, wajua nani yumo kwenye jopo? Ni mimi. Bila kitabu, yule kijana hana ushahidi."

Nilifikiri. Nilimfikiria na yeye pia. Kujenga miaka ishirini na tano juu ya ukurasa mmoja si mchezo.

"Huyo kijana ana miaka arobaini na minane," nikasema. "Ndiye aliyekushikia taa."

"Wewe? Kilatini umesomea wapi?"

"Kwenye basi."

Alikaa kitako. "Haya, tuandike sote wawili. Jina langu mbele, kwa ajili ya umri."

"Andiko limeshakwenda na jina moja."

"Watawa hawakutia majina kwenye kazi zao, Ameir. Huo ndio uungwana."

"Na jina lako, Profesa, liko kwenye jalada mara mbili."

Aliondoka bila kuaga. Nilimpelekea mhariri nakala za matundu, na kurasa zangu mbili zikachapishwa. Nafasi niliihesabu imekwenda.

Lakini nilikuwa sijamjua Profesa. Kabla ya miezi mitatu alikuwa na mhadhara mpya, "Ujasiri wa Kukosea", akieleza jinsi alivyoona kwa macho yake mwanga ukipita matundu. Hilo ni kweli, aliuona. Walimpa nishani ya unyofu, na mkataba wa kitabu kuhusu porojo za watawa. Mimi nilishukuriwa, pamoja na mafundi wote wa chini. Siku ya usaili wangu hakuwapo kwenye jopo. Alikuwa Toronto, anakosea kwa ujasiri.

Waliokuwapo walikuwa watatu, na hakuna aliyejua Kilatini. Niliweka kurasa zangu mbele yao. Mwenyekiti aliweka kikombe chake cha chai juu ya kurasa hizo.

"Unaweza kupandisha ngazi sanduku la kilo ishirini?"

"Naweza."

"Una historia ya maumivu ya mgongo?"

"Sina."

Waliandika kwa muda mrefu. Ijumaa nikapata barua: kazi ni yangu.

Time aliisoma mara mbili, akaigeuza kuangalia nyuma.

"Na maandishi yako walisemaje?"

"Walisema mgongo wangu ni mzima."