Yowe Katika Shamba la Muhogo

Shakirah alikuwa akirudi kutoka Koboko, kwao, pamoja na Anguyo, mwalimu wake wa urubani. Walipofika juu ya Aroi, Anguyo alimwambia ashushe helikopta karibu na ardhi, kisha ageuke kwa kasi. Zoezi hilo lilikuwa limemshinda mara nyingi, na siku hiyo aliliendea kwa hasira. Hasira hasara. Aligeuka upepo ukimsukuma kwa nyuma, helikopta ikaishiwa nguvu, ikazama. Anguyo alidaka usukani akiwa amechelewa. Waligonga kichuguu, wakatua kwa kishindo katikati ya muhogo, wima, injini bado ikinguruma.

Anguyo alilegea kwenye mikanda, damu ikimtoka kichwani. Jambo la kwanza analofundishwa rubani kufanya akianguka ni kuzima injini. Shakirah alinusa mafuta, akaogopa, akaruka nje. Wako wajuaji wa mjini Arua wanaomcheka kwa hilo huku wakinywa chai. Natamani ningewaona wao wameketi pale.

Alikuwa anazunguka mbele akamtoe mwalimu wake, ndipo alipowaona watu. Walikuwa wanakimbia kutoka upande wa mkia, majembe mkononi, na mkiani mwa helikopta kuna panga dogo linalozunguka kwa kasi hata jicho lisilione. Shakirah aliinua mikono, akapiga kelele warudi. Injini ilimeza maneno yote. Walichoona wao ni mwanamke mikono juu, kinywa wazi, na huko mwanamke akisimama hivyo shambani anapiga yowe. Yowe haliulizwi sababu. Anayelisikia akaendelea kupalilia, siku ya msiba wake atachimba kaburi peke yake.

Wakaongeza mbio. Kadiri alivyowakataza ndivyo alivyowaita, na wengine wakatokea hata ng'ambo ya barabara.

Akaelewa. Alifunga kinywa, akashusha mikono, akarudi ndani. Mwili wa Anguyo ulikuwa umeegemea mahali pa kuzimia injini. Alimsukuma, mwalimu akaguna kwa maumivu, naye akamsukuma tena bila huruma, mpaka mkono wake ukafika. Injini ikazimika.

Lakini mapanga hayafi pamoja na injini. Yaliendelea kuzunguka, sasa bila kelele, na watu wakadhani hatari imekwisha. Aliyetangulia alikuwa Santa, mke wa Lino, mwenye shamba. Alikuwa amemwona Anguyo kupitia kioo, na njia fupi ya kumfikia ilipita mkiani.

"Mama, simama!" Shakirah alipaza sauti. "Hapana pita huko!"

"Nakuja, mwanangu," Santa alisema. "Nakuja."

Alikuwa bado anasema alipofika.

Anguyo alipona. Baada ya maziko ya Santa, Shakirah alimwomba baba yake, Mzee Asuman, amsindikize kwa Lino. Alikuwa tayari kutukanwa, hata kupigwa. Kwa kweli alitamani kupigwa. Lino aliwapa viti.

"Wewe naita, yeye nakuja," alisema. "Mimi hapana kasirika na wewe."

Shakirah alishindwa kuubeba msamaha huo.

"Baba," alimwambia Lino, "mimi hapana ita yeye. Mimi nafukuza. Nasema rudi, rudi. Yeye hapana sikia."

Lino alivuta kiti chake karibu, akapunguza sauti.

"Usisema hiyo tena hapa. Watoto iko ndani. Wao najua mama yao ilikufa sababu mutu ilitaka musaada. Kama iko bure tu, mimi naambia wao nini?"

Mzee Asuman aliinamisha kichwa. Mlangoni alitokea Juliet, binti mkubwa wa Santa, akileta maji ya kunywa. Alipiga magoti, akampa Shakirah kikombe, akamtazama usoni.

"Ni wewe iliita mama?"

Shakirah alikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi niliita."