Kopo la Bonde

Ofisi ya ramani haikutumia vifutio. Wino ulikwanguliwa kwa wembe, kisha unga wake ukafagiliwa kwa unyoya na kutiwa ndani ya kopo la maziwa. Kupuliza kulikuwa mwiko. Fundi mzee aliyemfundisha kazi mchora ramani, mtu mkali kama pilipili, alimwambia siku ya kwanza, "Hapa hatupulizi, binti. Kila unachofuta ni kwao mtu."

Miaka tisa iliyopita ilikuja barua kutoka juu: wakubwa wana mipango na bonde lililo kati ya vilima viwili, lifutwe. Wenyeji wakahamishwa kwa lori. Mchora ramani akalifuta asubuhi moja kabla ya chai, na tangu siku hiyo mpita njia alitoka kilima cha huku akakanyaga cha kule kwa hatua moja.

Mama yake alizaliwa bondeni. Alihamia kwa bintiye na ufunguo wa nyumba ukiwa umefungwa kwenye pindo la nguo, na hakumlaumu hata siku moja. Afadhali angemtukana.

Mwaka huu macho ya mama yaliingia ukungu. Daktari alisema hayatafika Desemba.

"Nataka nione mlango wangu tu," mama alisema. "Mara moja, kabla hayajazima."

Saa ya chakula, wenzake walipotoka, mchora ramani alimleta ofisini, akateremsha kopo la bonde na kunyunyiza unga juu ya karatasi safi. Mto ulijipanga kwanza, zikafuata njia, halafu mapaa. Mama alivua viatu, akapanda kiti, akapanda meza, akashuka bondeni. Ufunguo ulisikika ukizunguka.

"Hata kisima kipo!" sauti yake ilitoka chini. "Asante, mwanangu. Ungepuliza, mimi ningekwenda wapi?"

"Mama, si mimi niliyefuta?"

"Ni wewe. Na aliyefagia ni nani? Basi nyamaza. Mimi huku sitoki. Niletee miwani na chumvi."

Mchora ramani alilia, akamshukuru Mungu, akamshukuru na yule mzee wa pilipili. Kisha akaiingiza karatasi kwenye droo polepole, nyumba zisije zikaanguka, akaacha upenyo wa hewa.

Saa nane mkuu wa ofisi aliona moshi ukitoka kwenye droo. Alimkumbusha kwamba kupika ofisini hakuruhusiwi, akamwekea barua mezani. Vijiji vitatu vya kusini vifutwe kabla ya Ijumaa.

"Na wenyewe?" mchora ramani aliuliza.

"Lori limeshaagizwa."

Mchora ramani alisaini kwamba ameipokea. Alitoka akanunua chumvi, akapitia nyumbani kuchukua miwani, akavitia vyote kwenye droo. Mkono ulijitokeza ukavipokea. Akafungua wembe mpya, akaujaribu kwenye ukucha, kisha akaenda stoo kutafuta kopo kubwa zaidi.