Kesi ya Sauti ya Karani

Saa tatu na robo asubuhi, siku ya Jumanne, karani wa mapokezi alifungua kinywa amwite mgonjwa namba kumi na nne, na hakikutoka kitu. Akakohoa. Akanywa maji. Akafungua tena, ikatoka hewa tupu yenye harufu ya dawa ya meno. Wagonjwa walimtazama bila haraka; kusubiri walikuwa wamekwisha kuzoea. Hospitali nzima walimwita Redio, kwa kuwa sauti yake ilivuka korido mbili na mlango wa chuma, ikamfikia hata aliyejificha chooni kukwepa sindano.

Dakika hiyohiyo mlinzi wa getini aliisikia sauti hiyo ikipita nje, peke yake, ikielekea sokoni. Akaisalimia. Haikuitikia, ilikuwa katikati ya maneno:

"Mdogo wangu, leo kikaoni Daktari Mkuu kakoroma mpaka glasi za maji zikasogea. Nakwambia lile si koo, ni jenereta lililonyimwa mafuta! Halafu kazinduka, katuambia tuache uvivu."

Kisha ikacheka, ikavuta pumzi, ikaanza upya. Sekunde arobaini na moja, kicheko kikiwemo.

Maneno yalikuwa ya Redio mwenyewe. Aliyasema Ijumaa jikoni, akimenya vitunguu, akamtumia mdogo wake anayeishi mbali. Dada hawa walikuwa hawajaonana miaka minne, lakini kila jioni walitumiana sauti, na mdogo hakupata usingizi kabla ya kusikia umbeya wa dada yake. Jumamosi simu ilianguka, kioo kikapasuka, Redio akaipeleka kwa fundi. Jumapili akaichukua ikiwa nzima. Kufikia Jumatatu usiku ujumbe ulikuwa kwenye simu elfu tisa, na sauti, kwa kuitwaitwa huku na kule, ikachoka kurudi nyumbani.

Alimkuta fundi simu kainamia simu ya mtu mwingine, sikio kalibandika humo. Redio akaandika nyuma ya kadi ya kliniki: NIRUDISHIE SAUTI YANGU.

"Dada yangu, sauti sinayo," fundi alisema. "Mimi nilitumia watu watatu tu. Shemeji, kinyozi, na kundi la timu yetu."

KUNDI LINA WATU WANGAPI?

"Mia mbili na kumi. Lakini wengi hawachangii."

ULIFUNGUA UJUMBE WANGU.

"Nilikuwa najaribu spika! Ningejuaje kama inafanya kazi?" Akamtazama kwa huruma ya kweli. "Na unachekesha, wewe. Kipaji chote hicho unakificha cha nini?"

Kitengo cha polisi cha makosa ya mtandao kilikuwa chumba kimoja chenye meza, kompyuta iliyofunikwa kitambaa isiingie vumbi, na sheria yenyewe, kitabu kinene kilichowekwa chini ya mguu mfupi wa meza. Askari alisoma kadi za Redio zote, akakichomoa kitabu, akakipekua huku meza imemlalia gotini.

"Simu yako iliibwa?"

Redio akatikisa kichwa.

"Kioo kilirudi kizima?"

Akakubali kwa kichwa.

"Basi mama, hapa mlalamikaji sina. Ila mshtakiwa ninaye." Akageuza ukurasa. "Kumuudhi kiongozi kwa njia ya mtandao. Fundi kasema neno? Hajasema. Kapeleka tu, kama tarishi. Nani aliyesema?"

Redio akajinyoshea kidole.

"Wewe? Wewe huwezi kusema hata jina lako. Usinipotezee muda."

Dirishani sauti ilikuwa inapita, imefika kwenye jenereta. Askari akatoka, akaikamata. Haikuleta ubishi. Kwa kuwa pingu hazikuishika, aliitia kwenye ndoo yenye mfuniko, akajaza fomu ya mahabusu. Penye uzito aliandika: hana. Penye alama za pekee: kicheko.

Kesi ilisikilizwa Alhamisi. Hakimu aliiuliza ndoo kama inakiri kosa, mfuniko ukafunuliwa, sauti ikaeleza yote toka glasi mpaka uvivu. Ukumbi ukaangua kicheko. Hakimu akagonga meza, akauliza tena kwa ajili ya kumbukumbu. Mara ya tatu yeye mwenyewe alijifuta macho kwa joho. Daktari Mkuu, shahidi pekee wa mashtaka, hakutoa ushahidi, maana alikuwa amelala benchi la mbele, na kalamu za wakili zilikuwa zinasogea. Sauti ikafungwa miezi sita, na mitatu ya nyongeza kwa kurudia kosa mbele ya mahakama.

Kazini Redio alipewa kengele. Mgonjwa wa chooni hakuitambua, akaenda nyumbani bila sindano.

Jioni mdogo wake alituma ujumbe: "Dada, mbona kimya? Nimekukosea nini?" Redio akamwandikia kisa chote, kurasa na kurasa.

"Sitaki kusoma," mdogo akajibu. "Kusoma nasoma ofisini. Nakuja."

Alisafiri saa kumi na nne. Jumamosi wakaongozana hadi gerezani, mdogo mbele, kajaa hasira mpaka kwenye viatu.

"Tumekuja kuiona sauti ya dada yangu," alimwambia askari jela wa zamu.

"Kuna sheria ya faragha siku hizi, dada. Taarifa za mfungwa ni siri yake. Siwezi kusema kama yumo au hayumo mpaka aridhie mwenyewe."

Nyuma ya ukuta ikasikika: "Mdogo wangu, leo kikaoni..."

"Si huyo hapo, afande! Ananiita!"

"Sithibitishi, sikanushi." Akaenda kuomba ridhaa. Walimsikia akiuliza kwa adabu, wakasikia akijibiwa jenereta. Akarudi. "Hajaridhia."

"Na yule fundi je? Watu elfu tisa wanayo! Wao waliridhiwa na nani?"

"Fundi ana cheti," askari alisema. "Amejisajili ofisi ya faragha kama mtunzaji wa taarifa za watu. Cheti kina mhuri. Sauti iko salama kwake, ndiyo maana anaiuza kama mlio wa simu. Ninao hata mimi."

"Na mwenye sauti?"

"Mwenye sauti aombe nakala. Fomu haina shida, inajazwa kwa mdomo."

Wakaenda kukaa kwenye benchi nje ya ukuta, wasikilize kutoka hapo. Hawakumaliza hata sekunde kumi, askari akatoka mbio na kitabu chake cha sheria.

"Hapana, hapana. Kunasa mawasiliano ya mtu bila ridhaa yake, miaka mitano. Kukaa mnaruhusiwa. Kusikia hapana." Hakuwa mtu mbaya. Akawapa pamba, akahakikisha kila sikio, akarudi kivulini.

Tangu hapo kila Jumamosi Redio hukaa kwenye benchi hilo, masikio yamezibwa, na mdogo wake, aliyehamia chumba cha jirani, hukaa naye. Redio huegemeza kiganja kwenye matofali. Anaijua sauti yake, anajua maneno yanapopanda na yanapotua. Ukuta ukitetemeka mara tatu kwa mpigo, humminya mdogo wake mkono kumwambia ni sasa, na mdogo wake hucheka.