Kisiki cha Kipanga

Manyoya ya njano juu ya kisiki yalikuwa na kijiti katikati. Nilichukua unyoya mmoja nikaulinganisha na kifaranga wangu. Kifaranga hana kijiti, ana manyoya laini tupu kama pamba. Ule ulikuwa wa kwera, ndege wanaotumalizia mpunga bondeni.

Juu ya kisiki, kwenye mti wa mgrevilea, kipanga wawili walikuwa na kiota. Dume ni mdogo kama njiwa, jike anamzidi. Sikuwahi kuwaona wakizunguka angani kama mwewe. Dume hujificha kwenye majani, kisha hutoka kama jiwe lililorushwa na kumdaka ndege hewani. Humnyonyolea kisikini, halafu humwita mkewe.

Vifaranga wangu walikuwa tisa, wakabaki wanne. Nyuma ya banda, kwenye tope, niliona nyayo za nguchiro.

Mjomba Kibwana akaja kutoka Mafiga. Kwetu shamba ni la ukoo wa mama, na mti haukatwi mpaka mjomba aseme. Mama akampeleka kisikini.

"Haya si manyoya ya vifaranga?" mjomba akauliza.

"Ndiyo hayo, kaka."

"Basi mwizi kajenga juu ya meza yake." Akanigeukia. "Mwaisha, kuku ni wako. Unasemaje?"

Unyoya ulikuwa ndani ya ngumi yangu. Nikasema, "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeshaniamkia tangu asubuhi. Sasa sema."

Nikatazama kandambili zake.

"Huyu aliacha shule darasa la tano, na mdomo akauacha hukohuko," alisema kaka yangu Yusuph. Wakacheka wote. Hata mama.

Mti ulianguka kabla ya adhuhuri. Makinda mawili meupe yalikufa kwenye matawi. Dume akarudi na ndege mguuni, akaita, akaita tena, kisha akatua kisikini bila kula. Nilikasirika, na niliyemkasirikia zaidi hakuwa Yusuph.

Kesho yake wakabaki vifaranga watatu. Mama akasema kipanga analipiza kisasi. Mjomba alikuwa ameshaondoka.

Mjomba, manyoya yale yana kijiti katikati. Kifaranga hana. Nilijua siku tatu kabla hujaja.