Sekunde ya Kumi na Tisa

Alfajiri, kabla hakujapambazuka, kitu kilifanya "tik" sebuleni. Mchoraji alifumbua macho. Aliijua sauti ile: ni ubavu wa kitanda cha mtoto unapoachia bawaba. Lakini nyumbani kwake hapakuwa na kitanda cha mtoto. Kulikuwa na kompyuta ya kazini, nayo alikuwa ameizima jana yake na kuchomoa waya.

Alipotoka alimkuta mama yake ameshaamka, ameketi mbele ya kioo cheusi cha kompyuta, mkono shavuni.

"Mtoto wako wa kazini amelia tena," mama alisema. "Nimembembeleza, amenyamaza. Chai yako ile pale, nimeifunika."

"Asante, mama."

Mchoraji hakumchora mtoto yule. Kazi yake ilikuwa kutengeneza filamu fupi za bidhaa kwa programu ya kuchora, ili wanunuzi waone kitu kinavyofanya kazi hata kabla hakijaundwa. Safari hii ni kitanda cha kukunja cha watoto. Katika programu ile chuma hakisimami kwa nguvu zake, husimama kwa amri. Ukiiambia bawaba igeuke nyuzi tisini, itageuka tisini na kutulia. Miaka kumi na moja haijawahi kumbishia.

Mwezi uliopita, karakana inayounda vitanda iliondoa pini inayouzuia ubavu usianguke. Mchoraji aliifuta kwenye mchoro kama alivyoagizwa. Siku ya pili mtoto akawa ndani ya kitanda, wa miezi kumi hivi, ameshika fito kwa mikono miwili. Filamu ilipofika sekunde ya kumi na tisa, bawaba ilikataa amri. Ubavu ulianguka, na mtoto akaanguka nao. Mchoraji alimfuta. Mtoto akarudi. Mchoraji akaiamuru bawaba mara arobaini, na mara arobaini ubavu ukaanguka. Kilichomtisha zaidi ni kwamba, kabla ya kuanguka, mtoto aligeuka kumtazama yeye, kama mtoto amtazamavyo mtu anayetarajiwa kumdaka.

Mkurugenzi alikuja kusimama nyuma ya kiti chake.

"Huyu umemtoa wapi?"

"Amekuja mwenyewe, bosi."

"Anapendeza. Mgeuze kidogo, wanunuzi wamwone uso."

"Bosi, anaanguka. Turudishe pini."

"Pini inaongeza uzito. Watu wanataka kitanda cha kubeba kwa mkono mmoja." Akaangalia sekunde ya kumi na tisa mpaka mwisho, akajikuna kidevu. "Kata kwenye kumi na nane."

"Mama yangu husema mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Msalimie sana mama. Kata kwenye kumi na nane."

Mkurugenzi hakuwa mtu mkali. Mchoraji alipougua mwaka juzi, ndiye aliyempeleka hospitali kwa gari lake, akakaa naye mpaka jioni. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumbishia.

Basi asubuhi ile mchoraji alikunywa chai yake, akaibeba kompyuta kifuani kama mtu aliyebeba mgonjwa, akaenda kazini. Chumba cha mkutano kilikuwa na wanunuzi watatu na jagi la maji. Filamu ilianza. Kitanda kilijikunjua chenyewe, miguu ikatua, mtoto akashika fito. Hakuwa ameikata; kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kusimamisha. Alijua akikiinua kidole, huenda kesho hana kazi. Akikibonyeza kitufe, vitanda vitaingia majumbani.

Kumi na saba. Kumi na nane. Aliinua kidole.

Mtoto aligeuka akamtazama. "Tik." Ubavu ulianguka, naye akaanguka sakafuni mbele ya watu wote, akalala pale bila kujitikisa. Filamu ikaisha.

Mnunuzi mmoja alijimiminia maji. Wa pili aliandika kitu. Wa tatu, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole, aliinua mkono.

"Kuna cha rangi ya bluu?"

"Kipo," alisema mkurugenzi.

Wakaagiza. Walipotoka, mkurugenzi alimgusa mchoraji begani, akamwambia kazi ilikuwa nzuri, aende nyumbani mapema apumzike. Uani, wapakiaji walikuwa wameanza kupanga maboksi ya vitanda kwenye lori, na juu ya kila boksi palikuwa na picha aliyoichora yeye.

Nyumbani alimweleza mama yake yote. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akamfuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Umesema, na hawakusikia," alisema. "Sasa huyo mtoto anaangukia wapi?"

"Sakafuni, mama."

"Na wewe si unajua kuchora?"

Mchoraji alifungua kompyuta. Alichora godoro, akalijaza sufi, akalitandika chini ya ubavu. Godoro hilo halikuwamo katika boksi lolote, wala hakuna mnunuzi ambaye angeliona. Kisha akaiachia filamu. Kumi na nane. Kumi na tisa. Mtoto alianguka taratibu, akatua katikati ya godoro, akakaa kitako. Aliligusagusa kwa kiganja, akapima upana wake kwa macho.

"Uje tena kesho," alimwambia mchoraji. "Na ulete kubwa zaidi. Wenzangu wako njiani."