Kurasa Tisa za Kamati ya Maadili

Kwa miaka ishirini na miwili karani wa vikao alikuwa amewasikiliza viongozi wa chama wakisema, na kazi yake ilikuwa kuwafanya waonekane wana akili. Mtu akibwabwaja robo saa nzima, yeye aliandika: "Mjumbe alisisitiza umuhimu wa umoja." Wawili wakitukanana mpaka mate yanaruka, aliandika: "Kulikuwa na mjadala wa kina." Walimpenda kwa hilo. Walimwita dada yetu, na hakuna hata mmoja aliyejua ana watoto wangapi.

Jumatatu hiyo kamati ya maadili ilikaa saa nne asubuhi, wajumbe sita kuzunguka meza ndefu ya ghorofa ya kwanza. Ajenda ya kwanza ilikuwa rangi ya kofia za mkutano wa hadhara, nayo ikala dakika arobaini. Ya pili ilikuwa barua ya binti wa mapokezi dhidi ya naibu katibu wa chama, mtu ambaye ofisi nzima ilimwita Karibu Ndani, kwa sababu ndivyo alivyowaambia wasichana wote waliompelekea faili, kabla ya kufunga mlango.

Barua ilikuwa na kurasa mbili, mwandiko wake umetulia: tarehe, saa, alichoambiwa, mahali mkono wa mtu yule ulipomgusa, na mara tatu alizosema hapana.

"Tuichukulie imesomwa," mwenyekiti alisema. "Muda hauturuhusu."

Karibu Ndani mwenyewe alikuwa ameketi palepale, anakoroga chai. Hakuna aliyeona ajabu mshtakiwa kukaa na mahakimu wake. Tena walimpa nafasi ya kusema kwanza.

"Jamani, mimi ni mtu wa watu," alisema. "Nina utani. Siku hizi ukimsalimia mtu, tayari kesi."

Wakacheka. Mweka hazina akauliza ni nani aliyemtuma huyu binti, maana uchaguzi umekaribia. Mlezi wa wanawake wa chama akataka kujua binti huvaa nini akija kazini. Msemaji wa chama hakuuliza kama jambo lenyewe ni kweli. Aliuliza kama waandishi wa habari wamelisikia. Katibu wa vijana, mwenye miaka arobaini na saba na kitambi, akasema tusianikane, sisi ni ndugu.

Ikaamuliwa binti ahamishiwe ghala la vipeperushi nje ya mji, "kwa usalama wake", na naibu katibu apewe ushauri.

"Dada yetu," mwenyekiti akamgeukia karani, "andika tu kwamba suala la mtumishi mmoja lilipatiwa ufumbuzi wa kindugu."

Karani akashusha kalamu. Maneno hayo yalikuwa yake. Aliyabuni yeye mwenyewe miaka minane nyuma, walipomjadili mpiga chapa aliyelalamika juu ya mtu huyuhuyu. Mpiga chapa aliacha kazi wiki iliyofuata, na karani siku ile alikwenda nyumbani akijisifu kwa sentensi nzuri. Sasa aliwatazama wale watu sita wakikusanya miwani na simu zao, akawadharau kwa moyo wote, na yeye mwenyewe hakujibakiza.

Chini, binti wa mapokezi alisimama alipomwona anashuka ngazi.

"Shangazi, wananiita saa ngapi?"

"Hawakuiti."

"Si lazima wanisikilize?"

Karani alikuwa na jibu laini tayari, kama alivyozoea. Akaliacha.

"Kesho utapata kila walichosema," akamwambia. "Kwa maandishi."

Haikuwa hisani. Kanuni za chama, kile kitabu ambacho viongozi walikiinua juu jukwaani na kamwe hawakukifungua, zilisema mlalamikaji apewe nakala ya muhtasari ndani ya siku mbili. Karani aliketi akaandika. Safari hii hakumtengeneza mtu. Vicheko aliviandika vicheko. Dakika arobaini za kofia aliziandika arobaini. Zikatoka kurasa tisa. Jumanne asubuhi binti alitia sahihi kwamba amepokea.

Jumatano mwenyekiti alimwita ofisini, karatasi zimetapakaa mbele yake.

"Dada, umeandika nini hapa?"

"Mliyosema, mheshimiwa."

"Sisi tunasema mengi!"

"Ndiyo maana zimefika tisa."

"Zirekebishe."

"Siwezi peke yangu. Mjumbe anasahihisha maneno yake kikaoni, mbele ya wenzake. Na binti ana nakala yake."

Mwenyekiti alimtazama kana kwamba kabati la faili limemjibu. "Ana nakala? Amempa nani mwingine?"

"Hilo muulizeni yeye. Mkitaka kumwita, yuko mapokezi."

Hawakumwita. Waliitana wao kwa wao, Alhamisi saa mbili asubuhi, na siku hiyo hakuna aliyechelewa. Kila mmoja alitaka maneno yake yafutwe na ya wenzake yabaki.

"Mimi la mavazi niliuliza kama mama tu," mlezi alisema. "Lakini mweka hazina, wewe ulimwita binti wa watu kibaraka!"

"Na wewe msemaji ulicheka kuliko wote," mweka hazina akarusha kwa mwingine.

Karani aliandika yote. Ilipofika saa tatu walikuwa wamechoka kurukiana, ndipo wote kwa pamoja wakamgeukia Karibu Ndani. Waliomwita ndugu Jumatatu sasa walimwita bwana yule, naye yuko hapohapo. Katibu wa vijana akasema amekuwa akimtilia shaka siku nyingi. Karibu Ndani akasimamishwa uongozi kwa kura zote za wenzake, uhamisho wa binti ukafutwa, na malalamiko yakapelekwa kwa jopo la watu wa nje, jambo ambalo kanuni zilitaka lifanyike tangu siku ya kwanza. Wala hakuna aliyetamka kwamba binti alidhulumiwa.

Mchana mwenyekiti alisimama mbele ya kamera. "Chama chetu hakivumilii vitendo hivi hata chembe," alisema. "Tumechukua hatua mara moja." Kisha akamwashiria binti wa mapokezi aje asimame naye wapigwe picha.

"Samahani, mheshimiwa," binti akajibu akiwa nyuma ya meza yake, "nina wageni wanaosubiri." Akamgeukia mzee aliyekuja kuuliza juu ya kadi yake ya uanachama, akamhudumia taratibu, mpaka kamera zikaondoka.

Jopo lilimsikiliza binti kwa saa tatu, likamsikiliza na mpiga chapa wa zamani, na Karibu Ndani hakurudi tena. Miezi miwili baadaye karani alipewa barua ya kumshukuru kwa utumishi wake na kumwarifu kuwa nafasi yake imefutwa. Aliisoma kwa utulivu mezani pake. Ilikuwa na makosa manne ya tahajia na sahihi ya mwenyekiti. Alichukua kalamu nyekundu, akayasahihisha yote manne, akamrudishia mwenyekiti mwenyewe mkononi, akavaa koti lake akatoka kwa mlango wa mbele.